Kaburi la Mzee Lukasi Halijachimbwa

Mikumi,
9 Juni 2025

Mzee Lukasi, shikamoo.

Nimekukosea. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitakuuliza mvua, nitakuuliza mpunga, barua itajaa na sitakuwa nimesema kitu. Nimewaambia watu kwamba umekufa.

Usiichane kwanza. Soma mpaka chini.

Kuna binti anaitwa Aneth, anakuja huko Kilosa kesho, atafikia kwa shangazi yake Editha anayeuza vitenge sokoni. Anatafuta kaburi lako. Si kwa ubaya. Ni msomaji wa kile kitabu chako cha Nyoka wa Mkondoa, kile ambacho msomaji ndiye anachagua, ukiingia pangoni fungua namba 31, ukirudi nyuma fungua namba 60. Yeye na wenzake wamechanga saruji na wanataka kukujengea. Nimemwambia barabara mbovu, akanijibu, "Anko, Kilosa siku hizi ni lami." Nikamwambia kaburi liko kwenu Mamboya, juu mlimani, akanijibu ana miguu.

Sasa mzee wangu, wiki hii usionekane onekane. Usikae barazani ukiangalia reli kama kawaida yako. Ukiulizwa jina, sema lolote. Akishaondoka nitayaweka sawa mimi mwenyewe, taratibu.

Ulikuwa utani tu. Wewe Mkaguru, mimi Mnyamwezi wa kambi za mkonge Rudewa, babu zetu walitukanana hadi makaburini. Nilijua ukisikia utacheka.

Barua anakuletea Doto, dereva wa Noah, maana simu yako haipatikani.

Mtani wako,
Wenceslaus, fundi matairi


Kilosa,
12 Juni 2025

Wenceslaus, marahaba.

Simu ndiyo iliyokufa. Mimi bado.

Barua yako imefika leo. Binti alifika juzi. Ndivyo ulivyo tangu ujana, ukija na ndoo ya maji unakuta watu wanazoa majivu.

Nilikuwa barazani, nimeanika mpunga, nagombana na kuku wa jirani. Akaja binti mrefu, akanipa shikamoo safi, akasema, "Babu, naulizia kaburi la Mzee Lukasi, yule wa reli aliyeandika kitabu."

Nikamtazama. Nikajua huyu amechanganyikiwa na jua. "Mnalitakia nini?"

"Kulijengea, babu. Jiwe tumeshamimina."

"Alikufa lini?"

"Mwaka 2016, babu. Kifua."

Kifua! Wenceslaus, hata ugonjwa umenichagulia wewe? Mimi nina magoti na nina macho. Kifua changu kizima, muulize jirani ninavyomfokea kuku wake. Kama umeamua kuniua si ungeuliza kwanza naumwa nini?

Nilifungua mdomo nimwambie, "Binti, unaongea naye." Hapo hapo akasema, "Sisi wote pale Mikumi tumekuzwa na kile kitabu."

Sisi wote. Nikaufunga mdomo. Nikamwambia naitwa Gabrieli, rafiki wa marehemu.

Akakaa kwenye kigoda tangu alasiri mpaka kuku wakaingia bandani. Namba zangu anazijua kwa kichwa, zingine mimi mwenyewe nimezisahau. Kumbe kitabu mmeshakiacha nyuma. Mnakaa mezani watu sita saba, kila mmoja na mtu wake wa kwenye mchezo, mmoja anasimulia na wengine wanaamua watafanya nini, na dadu ndiyo inasema wamefanikiwa au wameliwa. Kumbe kuna meza Morogoro, kuna meza Ifakara. Kumbe mtu wenu akifa mchezoni mnasema, "Amemfuata Mzee Lukasi." Kumbe Jumamosi ya tarehe 28 mnafanya kumbukumbu yangu, tena si ya kwanza.

Unakumbuka nilikiandika kwa nini? Nilikuwa nageuza njia za reli pale stesheni. Nikivuta mkono huu treni inaelekea Dodoma, nikivuta ule inashuka kwenu Mikumi. Treni ikichelewa abiria wananitukana mimi. Nikawaandikia kitabu cha kungojea treni. Basi. Sikujua kama kimetoka nje ya stesheni.

Nataka unijibu mambo mawili, na usinizungushe. Uliwaambiaje? Na kwa nini mimi sikuambiwa?

Lukasi


Mikumi,
14 Juni 2025

Mzee Lukasi, shikamoo tena.

Unaniuliza kama hakimu. Haya, nakueleza.

Ilikuwa Juni ya mwaka huo huo wa 2016, tunacheza kwenye banda langu la matairi, juu ya meza ya kuzibia mipira. Kitabu ni kimoja, kimeisha jalada, na mimi ndiye nasimulia kwa sababu kitabu ni changu. Deo akauliza, huyu mwandishi yuko wapi siku hizi? Mimi nikajibu kama mtani yeyote angejibu: "Yule Mkaguru? Alishakufa. Sisi watani zake ndio tuliolala kaburini tukakataa kutoka mpaka tupewe kuku."

Mzee, ungekuwepo ungenirudishia tusi tukaendelea. Mtu yeyote wa Kilosa angecheka. Lakini angalia waliokuwepo mezani! Lupakisyo, Mnyakyusa wa Tukuyu, dereva wa lori. Deo, wa Songea. Verdiana, mama yake huyu Aneth, mtu wa Bukoba, alikuja hapa na mgahawa wake. Hakuna hata mmoja aliyenielewa. Lupakisyo akavua kofia, akasimama. Wakasimama wote. Aneth alikuwa mtoto, akasimama na kikombe cha uji mkononi. Verdiana akauliza, "Aliumwa nini?"

Umewahi kuona watu wanasimama kwa ajili ya utani wako? Ningesema nini? Nikasema kifua. Ndiyo iliyokuja mdomoni, mzee, samahani, kijiweni pangu kuna vumbi na mimi nilikuwa nakohoa.

Kesho yake wakaleta mchele na mbuzi wa rambirambi. Nikajua nimekwisha.

Hilo la pili, la kwa nini hukuambiwa, mambo yalikuwa mengi. Tutaongea tukionana.

Ombi langu ni dogo. Acha tarehe 28 ipite. Watu wa Morogoro na Ifakara wanakuja, jiwe tayari, sufuria Verdiana ameshaazima. Ikipita, nitasema zile habari zilikosewa. Baki Gabrieli wiki mbili tu. Gabrieli ni jina zuri.

Wenceslaus


Kilosa,
17 Juni 2025

Anko Wense, shikamoo!

Nakuandikia barua kwa sababu meseji zangu husomi, unajibu "sawa" tu. Umekuwaje? Nikiuliza habari za kaburi unaniambia "sawa". Hiyo sawa naijengeaje?

Sikia sasa. Kaburi sijalipata lakini nimepata kitu kikubwa kuliko kaburi. Kuna babu hapa anaitwa Gabrieli, alikuwa reli pamoja na Mzee Lukasi. Anko, huyu babu anakijua kitabu hatari! Nilimwambia namba 45, pale mamba anapouliza swali, nimekuwa nikiibishia tangu darasa la tatu. Akaniambia hata Lukasi mwenyewe hakuipenda, aliiandika treni ikiwa imeshapiga honi. Nilikaribia kulia. Miaka yote hii tulikuwa tunabishana bure na Deo!

Halafu nikamwambia habari za wosia. Nikamsomea kabisa unavyotusomea wewe, kwamba Mzee Lukasi akiwa kitandani alikuita, akakupa kitabu, akasema msimulizi wa meza awe mmoja mpaka atakapokufa, na asiyepewa asisimulie. Babu akacheka mpaka nikamletea maji. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Wewe umewahi kusimulia?" Nikamwambia hapana, nimeomba tangu nikiwa kidato cha pili, ila wosia ni wosia. Ndiyo maana nilitaka kuhamia meza ya Morogoro, nilikuwa sijakwambia. Ungeniambia tena "sawa".

Akasema, "Nisimulie mimi. Lukasi hayupo wa kukukataza."

Basi nikasimulia, Anko. Usikasirike. Nilimpeleka mtoni, mafuriko ya Mkondoa, daraja limekatika. Babu akachagua kuogelea, magoti yenyewe yale! Akarusha dadu ikatoka moja. Akafa. Nikamwambia kama tunavyosema, "Pole babu, umemfuata Mzee Lukasi." Akaniangalia sana, akafuta macho kwa kanga ya mjukuu wake Letisia iliyokuwa kwenye kamba. Akasema, "Amenipokea vizuri."

Jirani alipita akamwita "Lukasi". Nilipouliza, babu akasema wazee wa huku huitana majina ya marafiki waliokufa. Ni kweli hiyo? Wewe mtu wa huku, niambie.

Jumamosi ya kumbukumbu nataka aje azungumze. Anasema anangoja ruhusa yako. Ruhusa ya nini? Mpe!

Aneth


Kilosa,
20 Juni 2025

Wenceslaus,

Sina salamu leo.

Nimesomewa wosia wangu. Umeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Kitandani! Nilikuita! Mara ya mwisho kukuita ilikuwa unisaidie kushusha gunia, ukasema mgongo.

Nakwambia kitu, na utani nimeuweka kando. Kuniua nimekusamehe siku ile ile, ndiyo kazi ya mtani. Lakini ulipokuja kumzika mke wangu Siwema, Agosti ya mwaka huo huo wa 2016, tulikaa wawili nje ya turubai. Nilikuuliza, "Wense, hivi kile kitabu changu kuna mtu bado anakisoma?" Wewe ukasema, "Mzee, kile kimeliwa na mchwa."

Ulisema hivyo macho makavu. Na siku hiyo watu wako Mikumi walikuwa wamekwisha kusimama na vikombe.

Nilikuwa nimeandika cha pili. Hukujua, sikukwambia, nilitaka kwanza nijue kama cha kwanza kina mtu. Nyoka amepanda milimani, kule kwetu Mamboya, na msomaji anamfuata. Karatasi zilijaa sanduku. Ulipoondoka nilimpa Letisia. Akafungia karanga, akauza stesheni. Abiria walikula karanga, wakamtupa nyoka wangu dirishani.

Sasa macho yamekwenda. Barua hii naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea na bado mstari unapanda juu. Siwezi kukiandika tena. Kichwani kipo. Juzi juzi nilipomsikiliza yule binti akisimulia mafuriko nilikiona chote, namba kwa namba. Ni yeye anayeweza kukiandika, mimi nikisema. Lakini hawezi kuandika maneno ya Gabrieli, maana Gabrieli hana kitabu. Na mimi nikimwambia ukweli mwenyewe, nitakuwa nimemchukua kwako, na wewe ulimlea kwenye hiyo meza, hilo nalijua.

Kwa hiyo nakuachia wewe. Treni ya umeme inapita hapa juu haingoji mtu, na mimi nimechoka kungoja.

Ukitaka nibaki Gabrieli, fungua 77.
Ukitaka kuja kusema, fungua 12.

Unazijua.

Lukasi


Mikumi,
23 Juni 2025

Mzee Lukasi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi, karatasi nyingine nimefutia mafuta ya breki. Naandika kama ninavyoongea, elimu yangu ni darasa la saba ya Rudewa na unajua.

Nimefungua 77 japo naijua. "Umevuka. Ng'ambo hii hakuna anayekujua, wala hakuna anayekungoja." Nilikuwa napenda kuisoma kwa sauti nzito, kuwatisha watoto.

Uliniuliza kwa nini sikukwambia. Nimekuzungusha kwa sababu jibu lake ni baya. Mchwa hakuwepo. Siku ya kumzika mama yetu Siwema, kitabu chako kilikuwa ndani ya begi langu, pale pale nje ya turubai, nilikuwa nimekibeba nipitie namba za Jumamosi. Ulipouliza, mkono wangu ulikuwa juu ya begi. Ningekwambia wanasoma, ungetaka kuja. Ungekuja, wangekuona mzima, na mimi ningerudi kuwa fundi matairi.

Mchana kutwa mimi ni mtu wa kuitwa "oyaa, jeki!" Madereva hawashuki hata kwenye lori. Lakini Jumamosi nikikaa kwenye kile kiti nikasema "mbele yenu kuna mlango", Lupakisyo, dereva tena mwenye diploma yake, ananyamaza. Verdiana anaacha kuosha vyombo. Hawakuwa wananinyamazia mimi, mzee, walikuwa wanakunyamazia wewe, mimi nikaupokea ukimya wako nikaufanya wangu. Kisha Aneth akaanza kuomba kusimulia. Nilimsikia siku moja akiwasimulia wadogo zake nyuma ya mgahawa. Anaweza kuliko mimi. Nikaenda nyumbani nikatunga wosia.

Hapo sina utani wa kujifichia. Babu zetu walilala kwenye makaburi ya wenzao ili wafiwa wacheke. Mimi nimelala kwenye lako ukiwa hai, na nikala mbuzi.

Na zile karanga. Nilizinunua, mzee. Nilipita pale stesheni mwaka ule ule, nikanunua karanga kwa mjukuu wako, nikaona mwandiko kwenye karatasi. Nikasoma: "Ukimfuata nyoka mlimani..." Niliujua mwandiko. Nikakunja karatasi nikatupa, nikala karanga. Ningeweza kurudi pale pale nikazikusanya zilizobaki. Sikurudi. Hili sikuwa na mpango wa kulisema.

Jana nilimpigia Aneth. Nilitaka kumwambia, akaanza yeye: "Anko, unampa ruhusa babu au humpi? Mbona unanichosha?" Nikasema "sawa". Akakata. Ana haki. Na mambo haya hayasemwi kwenye simu, nitayasema usoni, na nimeshamwambia Verdiana azidishe viti bila kumwambia kwa nini. Amenifokea kwamba nimekuwa na siri kama mwanamume mwenye nyumba mbili.

Nimefungua na 12. "Rudi majini ulikotoka. Utalowa, lakini watu wako wako kwenye ukingo ule." Miaka yote nilidhani hiyo ndiyo namba ya wajinga. Hakuna mtu mezani kwangu aliyewahi kuichagua, kwa sababu mimi niliisoma haraka haraka.

Basi nakuandikia nitakachofanya, unishike nacho.

Jumamosi tarehe 28 Juni, saa mbili asubuhi, nitakuwa barazani kwako na Noah ya Doto. Aneth awepo, usimwambie kitu. Nitakuamkia wewe mbele yake kwa jina lako, Mzee Lukasi, shikamoo, na nitamweleza yeye kwanza, kuhusu wosia na kuhusu karanga, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Akinitukana, nitatukanwa. Akikataa kupanda gari moja na mimi, nitarudi na bodaboda, nyinyi mpande.

Kisha Mikumi, kabla watu hawajala, nitasimama mahali pale pale waliposimama wao mwaka ule. Jiwe lako liko bandani, limeandikwa jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Nimeazima patasi ya Deo. Mwaka wa kufa nitautoa mimi kwa mkono wangu, watu wote wakiangalia, na wakati naugonga nitakuwa nawaambia nani aliuweka. Jina tutaliacha. Tutalilaza lile jiwe juu ya matairi manne liwe meza, maana ya kuzibia mipira imeoza. Kitabu nitampa Aneth, na kiti, na mimi nitakaa kwenye benchi pamoja na wanaorusha dadu. Kalamu na karatasi za kile cha pili nimeshanunua.

Nakuomba kitu kimoja tu, kama mtani na kama mtoto wako. Kati ya leo na siku hiyo, tafadhali, usije ukafa. Nani ataniamini?

Jumamosi, saa mbili. Vaa shati lenye vifungo vyote.

Wenceslaus